Zamu ya Mektrida Kupanda

Habari njema ilimfikia Mektrida saa ya chai, na tangu saa hiyo hakupata usingizi wa maana tena.

Meneja Leonce alikuwa amerudi kutoka semina ya Arusha na maneno mawili mapya, usawa na ujumuishaji, na alikuwa akiyapuliza kila kona ya kiwanda kama mtoto aliyenunuliwa filimbi. Aliyapuliza kwenye mizani, akayapuliza stoo, akayapuliza hata kwa mlinzi wa getini, ambaye aliitikia "ndiyo bosi" bila kujua anaitikia nini. Siku hiyo akawaita wafanyakazi wote uwanjani. Wakasimama kama walivyozoea, wanaume upande wa mashine, wanawake upande wa meza za kuchambulia kahawa, na katikati yao pakabaki uwazi wa kupitisha lori.

"Mnaona mlivyosimama?" akasema. "Ndicho ninachokisema. Kiwanda hiki kina umri mkubwa kuliko mimi, na hakuna mwanamke aliyewahi kugusa mashine. Kuchambua tu, kuchambua tu. Basi imetosha. Kuanzia Jumatatu, jukwaa la juu atapanda mwanamke. Atajifunza kwa mzee Sirili, na mzee akistaafu, kazi ni yake. Na mwanamke huyo ni Mektrida."

Vigelegele vikapasua uwanja. Wanawake wakamrukia, wakamtikisa mabega, mmoja akamvua kilemba kwa furaha. Mektrida akacheka nao, akakifunga tena kilemba chake. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote tangu azaliwe.

Afadhali tuseme mapema alichokuwa akiogopa, maana yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kumwambia mtu pale kiwandani. Mektrida alikuwa na kifafa. Kilimwanza utotoni huko kwao Kirua Vunjo, kikamwangusha motoni, kikamwachia kovu lililotambaa kutoka kiwiko hadi kiganja. Watu wa kiwandani waliambiwa kwamba ni uji wa moto ulimmwagikia. Alikuwa na vidonge vyake, alivificha ndani ya mkebe wa majani ya chai katika chumba alichopanga Majengo, na kwa kuwa alivimeza bila kukosa, kifafa kilikuwa kimepoa. Mara ya mwisho kilimshika mwaka jana, karibu na Pasaka, akiwa peke yake na mlango umefungwa. Alipozinduka alifuta sakafu, akaoga, akaenda kazini.

Sasa jukwaa la juu si mahali pa mtu mwenye kifafa. Kusema kweli si mahali pa mtu yeyote mwenye mama anayempenda. Unapanda ngazi ya chuma iliyosimama wima, unafika kwenye bamba lenye upana wa kitanda cha mtoto, na mbele ya miguu yako kuna tundu wazi ambamo kahawa yenye maganda inamiminika kwenda kukobolewa. Ndani ya tundu hilo inazunguka skrubu ya chuma, nene kama paja la mtu mzima, nayo haijui kahawa wala mguu. Kahawa ikikwama, mwenye zamu anainama na kuisukuma kwa mti. Hakuna wavu, hakuna cha kushika. Mzee Sirili alipungukiwa vidole viwili vya mkono wa kulia, na ukimuuliza viko wapi alikujibu kwamba vilishakwenda Ulaya, vikanywewa pamoja na kahawa. Watu walicheka kila mara. Sirili mwenyewe hakucheka.

Unaweza kuuliza, si angesema tu? Wenzake wa kiwandani wangekujibu kwa jina moja, Elinipendo. Elinipendo alichambua kahawa meza moja na Mektrida. Alipoanza kuona ukungu machoni, akaenda kwa meneja aliyekuwepo wakati huo, akasema kwa moyo mweupe. Akaambiwa aende nyumbani apumzike kidogo. Anapumzika mpaka leo, yuko Njoro kando ya barabara anauza karanga, na anazipima kwa kupapasa. Tangu hapo neno kupumzika likawa neno la kutisha pale kiwandani.

Mchana wa siku ile ile wanawake walikaa kula pamoja nyuma ya stoo, kama kawaida yao, wakizunguka sufuria moja la kiburu, ndizi na maharage vimepondwa vikashikana vizuri. Mektrida alikaa pembeni, karibu na ukuta, na kibakuli chake mwenyewe chenye mfuniko. Hivyo ndivyo alivyokula siku zote. Hakuwahi kuchovya kijiko kwenye sufuria la wenzake, wala hakuwahi kumwonjesha mtu chakula chake, na kikombe chake cha chai alikiosha mwenyewe na kuondoka nacho.

"Mwangalieni," akasema Hilda, kwa sauti ya kusikika. Hilda alikuwa na mabega mapana na mdomo mpana zaidi, na kila mtu alijua kwamba kazi ya jukwaani aliitaka yeye. "Hata kula na sisi hataki. Sasa akipanda huko juu si ndio tutamwamkia shikamoo?"

Wenzake wakacheka. Mektrida akainamia kibakuli chake, uso unamwaka. Walidhani anajidai. Angewaambiaje kwamba mama yake alimfundisha hivyo tangu hajajua kufunga kamba za viatu? Mate yako yana ugonjwa, mama alimwambia. Ukila na mwenzio utamgawia. Daktari wa kliniki alimwambia kinyume chake, akarudia mara kadhaa, akaapa. Mektrida aliitikia, akamshukuru, akarudi nyumbani akaendelea kutenga kijiko chake. Aliogopa kumuua mtu, basi.

"Kama huitaki hiyo kazi sema," Hilda akaongeza. "Wengine tunaitaka."

Kesho yake Mektrida akaenda ofisini. Akasimama mbele ya meza ya meneja, mikono ameifunga nyuma.

"Bosi, nashukuru sana. Ila ile kazi, naomba umpe Hilda."

Leonce akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana msafi mwenye haraka ya kutenda mema, na watu wa namna hiyo huwa hawana muda wa kusikiliza.

"Mektrida, nakuomba usinivunje moyo. Unajua wale wanaume wamesema nini? Wamesema atakataa. Wamesema mwanamke ataiona ngazi, arudi kwenye meza yake. Ukikataa wewe watasema tulijua, na mimi sitapata nguvu ya kumleta mwingine. Si Hilda, si mwingine yeyote. Mlango utafungwa. Unaogopa nini?"

Hapo ndipo angesema. Akatazama nyuma ya bega la meneja, dirishani, akaona barabara ya kuelekea Njoro.

"Siogopi kitu, bosi," akasema.

Jumapili, baada ya misa, akapanda kwenda Kirua. Mama yake, Theodora, alikuwa kihambani, shambani kando ya nyumba, anakata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe. Alikuwa ameshapata habari, na wanajumuiya wote walikuwa wameshapata habari kutoka kwake.

"Mwanamke wa kwanza!" akasema. "Padri mwenyewe kaniuliza, ni Mektrida wako?"

"Mama, huko juu kuna tundu. Na mashine iko wazi."

Theodora akaendelea kukata. Akakata jani, akakata lingine.

"Nikianguka je?"

"Usiseme mambo ya kuanguka."

"Nikianguka, mama, hakutabaki cha kuzika."

Panga likasimama. Mama alipogeuka, Mektrida aliona kwamba uso umemshuka na macho yamejaa maji, na hilo lilimtisha kuliko tundu lenyewe. Alikuja kutafuta mtu mwenye jibu, akamkuta mwenye woga kama wake.

"Kataa," mama akanong'ona. "Sema umebadili mawazo. Watasema una maringo, na waseme. Bora maringo kuliko lile neno lingine. Wakilijua lile neno watakukimbia, mwanangu. Wewe hukumbuki, mimi nakumbuka. Siku ulipoanguka motoni, palikuwa na watu watano jikoni. Wote walikimbia nje. Waliogopa ukipumua utawapa. Uliungua mpaka nilipotoka mtoni."

Mektrida hakuwa amewahi kuambiwa hivyo. Siku zote alidhani alikuwa peke yake siku ile. Aliteremka kurudi mjini na kovu linamwasha mkononi kana kwamba ni jipya, na usiku huo, kama zile zilizotangulia, hakulala. Daktari alishamwonya juu ya kukosa usingizi. Kwamba vidonge peke yake havitoshi, mwili usipolala kifafa kinaamka. Alilijua hilo, na kadiri alivyojilazimisha kulala ndivyo usingizi ulivyomkimbia.

Jumatatu asubuhi mashine ilikuwa imeshawashwa. Ikiwaka, kiwanda kizima kinatetemeka, vumbi la maganda linaelea, na mtu akitaka kukwambia jambo sharti akusogelee sikioni. Wanawake walikuwa wameacha meza zao, wamejipanga chini ya ngazi na vitenge vyao vizuri. Wanaume walisimama upande wao, wamekunja mikono. Leonce alikuwa na simu yake tayari kupiga picha. Hilda alisimama karibu na magunia matupu, amenuna.

Juu, mzee Sirili aliinama, akanyoosha mkono wake wenye vidole vitatu.

"Shikamoo mzee," Mektrida akapaza sauti.

"Marahaba. Panda taratibu. Usitazame chini." Kisha mzee akaongeza neno ambalo Mektrida alilisoma midomoni zaidi ya kulisikia: "Mimi mwenyewe sitazami."

Akashika chuma. Kilikuwa cha baridi na kilitetemeka kama kitu kilicho hai. Akapanda hatua ya kwanza, vigelegele. Akapanda tena. Alijiambia kwamba atapanda, atasimama dakika chache, atashuka, na jioni atajua la kufanya. Kila mtu mwenye woga hujidanganya na jioni.

Alikuwa katikati ya ngazi aliposikia harufu ya maganda ya ndizi yanayoungua.

Hakukuwa na ndizi pale. Harufu ile ilikuwa yake peke yake. Ilikuja kila mara, muda mfupi kabla ya kifafa, na baada ya harufu vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinakufa ganzi. Akavitazama vile vidole vilivyoshika chuma. Vilikuwa vimeanza.

Yesu na Maria, si hapa.

Mkono wa Sirili ulikuwa juu ya kichwa chake kabisa, unamwita. Angeushika, angevutwa hadi kwenye bamba, na kutoka bamba hadi kwenye tundu ni pungufu ya urefu wake. Chini kulikuwa na macho yote yale. Akawaza kwamba wakimwona watakimbia, kama wale wa jikoni. Akawaza pia kwamba skrubu haikimbii. Woga huo wa pili ndio uliomshusha, hatua kwa hatua, mkono mmoja ukiwa hausikii tena.

"Ameshindwa!" mwanaume mmoja akapiga kelele, na wenzake wakaangua kicheko. Vigelegele vikafia midomoni mwa wanawake. Mektrida hakuwa na muda wa aibu. Alipoikanyaga sakafu akayumba hadi kwenye magunia matupu, akajilaza, akamshika Hilda upindo wa kitenge kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Nina kifafa," akasema kwa nguvu zake zote, juu ya kelele za mashine. "Kinakuja sasa hivi. Nilaze ubavu. Usinitie kitu mdomoni. Usiniache."

Akauona uso wa Hilda ukibadilika, macho yakitoka, mwili ukirudi nyuma. Anakimbia, akawaza. Kisha hakuona kitu.

Kitu cha kwanza kilichomrudia kilikuwa ukimya. Mashine ilikuwa imezimwa. Cha pili kilikuwa miguu. Viatu, ndala, mabuti, vyote mbali, vimepangana kwenye duara kubwa, na ndani ya duara hakuna mtu. Akataka kulia. Sketi yake ilikuwa imelowa, lakini mtu alikuwa ameifunika kwa kitenge.

Kisha akasikia mkono mgongoni. Mkono mwingine ulikuwa umekishika kichwa chake, kisigonge sakafu. Hilda alikuwa amepiga magoti nyuma yake, amejifunga kilemba puani na mdomoni, uso ameugeuzia upande wa pili kabisa, machozi yanamtiririka.

"Usinipumulie," Hilda akasema. "Nimekushika, sikuachi, lakini tafadhali sana usinipumulie."

Mektrida akafumba mdomo. Alitamani kuibana hata pua.

Leonce akaingia ndani ya duara, hatua chache tu. Simu ilikuwa bado mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeponea chupuchupu kuua. Hakukosea kuogopa. "Pole, Mektrida," akasema. "Pole sana. Basi wewe... nenda nyumbani ukapumzike."

Lile neno likaanguka, na kila mmoja akalisikia. Wanawake wakatazamana. Mektrida akajiinua, akaketi. Kichwa kilimuuma, ulimi ulikuwa umeng'atwa, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa.

"Kupanda sipandi," akasema. "Na kuondoka siondoki."

"Mektrida, ungesema tangu mwanzo..."

"Elinipendo alisema."

Leonce, aliyekwisha kusikia kisa hicho, akaitia simu mfukoni. Mektrida aliogopa sana, maana alijua kwamba hapo ndipo kazi yake inakatwa au inabaki.

Ngazi ikalia. Mzee Sirili alikuwa anashuka, polepole, anapapasa kila hatua kwa mguu. Alipofika chini akaufuta uso kwa kofia.

"Meneja, hata mimi sipandi tena," akasema. "Kila asubuhi kabla ya ngazi hii naenda chooni mara mbili. Si maradhi, ni woga. Siku hizi nikiinama juu ya lile tundu napatwa na kizunguzungu. Sikusema, kwa sababu nitaambiwa nipumzike."

Mwanaume mmoja akataka kucheka, akawatazama wenzake, akaacha.

"Weka wavu wa chuma pale juu," mzee akaendelea. "Weka na cha kushika. Mti unapita kwenye wavu, mtu hapiti. Tangu vidole vyangu viende tunaomba."

Leonce akamtazama mzee, akaitazama mashine iliyonyamaza, akamtazama Mektrida pale sakafuni na Hilda aliyekuwa bado amemshika. Kisha akafanya jambo ambalo pengine semina haikumfundisha. Akachuchumaa.

"Haiwashwi mpaka fundi wa kuchomelea aje," akasema. "Na wewe, Mektrida... ile mashine ya kuipanga kahawa kwa madaraja iko chini, imefunikwa pande zote. Unaionaje? Ungeweza? Mimi sijui. Niambie wewe."

Alikuwa hajawahi kuulizwa. Ilimchukua muda kutambua kwamba anasubiriwa ajibu.

"Ile naiweza," akasema. "Ila mtu mmoja awe karibu. Na asikimbie."

"Sawa. Na Elinipendo nitamfuata mwenyewe," meneja akasema, hakumtazama mtu.

Mchana Mektrida alikuwa ameoga bombani na kuazimwa sketi. Akakichukua kibakuli chake, akaenda kukaa ukutani, mahali pake. Safari hii wenzake walikaa mbali zaidi ya siku zote, wakala kimya, wakimtupia jicho la wizi. Hakuwalaumu. Kazi ilikuwa imebaki, lakini hakujua kama kesho atakuta mtu yeyote kwenye meza ile.

Kivuli kikamwangukia. Hilda alikuwa amesimama mbele yake, kijiko mkononi, kilemba kimerudi kichwani.

"Nijibu ukweli," akasema. "Kinaambukiza? Kwa sababu kama kinaambukiza mimi nimeshakwisha, na nina watoto."

Mektrida akamtazama. Mama yake alisema ndiyo. Daktari alisema hapana. Maisha yake yote alikuwa amemwitikia daktari na kumtii mama, na sasa mtu aliyemshika wengine walipokimbia alikuwa anangoja kusikia kama atakufa.

"Hakiambukizi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hilda akashusha pumzi. Akakaa kwenye vumbi, bega kwa bega naye, akakivuta kile kibakuli katikati yao. Mektrida akashtuka, mkono ukaruka kukifunika. Hakuna mdomo mwingine uliowahi kula humo. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa ngazini, na ilibidi aurudishe mkono wake mwenyewe kwa nguvu, mapajani, aukalishe hapo.

Hilda akafumba macho kama anayemeza kwinini. Akachota, akatia mdomoni, akatafuna. Kule kwenye sufuria vijiko vyote vilikuwa vimesimama. Mektrida naye hakupumua.

Hilda akameza. Akangoja kidogo, amekaza shingo, akisikiliza tumbo lake.

"Hukutia chumvi," akasema, akachota tena.